Kendi Alibisha Mlango Asubuhi ya Mafuriko

Sikuombi uniamini kwanza ndipo unisikilize. Sikiliza tu, halafu uamue mwenyewe. Lakini ujue mimi si mtu wa kuona mambo. Ninauza ndizi na nduma pale soko la Gakoromone, Meru mjini, na mtu anayeamka alfajiri kugombania mahali pa kuweka magunia hana nafasi ya kuota mchana. Hadithi za watu wanaogeuka fisi nilikuwa nazicheka. Za wafu wanaorudi nyumbani, nilikuwa nikisema ni pombe. Hili ninalokusimulia lilinipata asubuhi, jua likiwa limeshapanda, nikiwa na akili zangu zote, na mama yangu mzazi alikuwa nami chumba kimoja. Bado yuko hai. Ukimwuliza hatakujibu, lakini hatakuambia ni uongo.

Kendi ni mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu. Yeye ndiye aliyekuwa na kichwa cha shule, akasomea mambo ya kuhudumia wagonjwa, na baada ya kuhangaika sana akapata njia ya kwenda Marekani. Kazi yake huko ilikuwa kutunza wazee ambao watoto wao hawawezi kukaa nao: kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Mji wenyewe uko karibu na bahari, na alivyotueleza, sehemu kubwa umejengwa chini kuliko maji, kisha ukazungushiwa kuta ndefu za udongo na zege ili maji yakae nje. Mama alipolisikia hilo aliuliza, "Sasa mtu anajengaje nyumba chini ya maji?"

Kendi akacheka kwenye simu. "Mama, watu wa hapa wana imani kutushinda."

Basi, kimbunga kikatangazwa. Sisi huku tulikuwa kwenye kiangazi cha mwezi wa tisa, ule wakati vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria yenye kifuniko na kila mtu anangojea mvua ya Oktoba. Nilifunga biashara nikapanda kwa Mama, ambaye anakaa juu ya mji, karibu na mpaka wa msitu, kwa sababu hajui kutumia simu yangu ya kupangusa na sikutaka ahangaike peke yake. Watu wa mji ule waliambiwa wahame. Wengi walihama. Kendi hakuhama. Basi la kuwachukua wazee liliahidiwa, likangojewa, halikuja. Mwenzake mmoja akabaki naye, wengine wakaenda kuokoa watoto wao, na ni nani angewalaumu?

Usiku kwetu tulikesha na televisheni ya jirani yetu, Mama Kinoti. Tukaona miti ikilala chini kama nyasi, mabati yakiruka, mtangazaji akishikilia kofia. Halafu Kendi akapiga simu, sauti yake imechoka lakini ina furaha. Upepo umepita, alisema. Madirisha mawili yamevunjika, hakuna stima, lakini wazee wote wako salama na wamekunywa chai. Mama alipiga magoti palepale sebuleni kwa Mama Kinoti akamshukuru Mungu. Tukarudi nyumbani tukalala kama watu waliotua mzigo.

Hatukujua kwamba upepo haukuwa ndio hatari.

Asubuhi niliwasha simu nikakuta ujumbe wake. "Dada, ukuta umevunjika. Maji yanakuja barabarani. Tunawapandisha wazee juu." Na chini yake mwingine: "Maji yako kwenye ngazi." Na mwingine: "Nina chaji kidogo. Nitakuwa nikizima."

Huko ilikuwa usiku wa manane. Huku Mama alikuwa amemaliza kukamua ng'ombe.

Sijui kama umewahi kuona mtu wako akizama ukiwa umekaa kwenye kiti. Ndivyo ilivyokuwa. Nilifungua zile video za moja kwa moja, zinazopigwa kutoka kwenye ndege, taa kubwa ikimulika chini, na chini kulikuwa na maji meusi tu na paa za nyumba zikitokeza kama migongo ya viboko. Kwa umbali ule wote mtu hawezi kufanya lolote. Nilikuwa nasogeza uso karibu na kioo, kama mtu anayechungulia ndani ya kisima, nikitafuta ile nyumba ya wazee ya kina Kendi, yenye paa la kijani. Kando yake Kendi aliwahi kutupigia picha ya kanisa jeupe lenye mnara. Niliuona mnara. Kanisa sikuliona. Nikasukuma simu chini ya kanga ili Mama asione, na yeye akasema bila kunitazama, "Nimeona."

Majirani walianza kuja. Unajua kwetu, habari ikienea, watu hawasubiri uite. Mama Kinoti alifika na mkate, wanawake wa kanisa wakaja na leso zao mkononi, na mmoja wao akaanza kulia tangu mlangoni. Mama alisimama. Ni mwanamke mpole, sijawahi kumwona akimfukuza mtu, lakini siku hiyo aliwatoa wote nje, akafunga mlango na kutia komeo.

"Sitaki watu wa kunililia mtoto akiwa hai," aliniambia. "Tukae hapa mpaka apige."

Tukakaa. Mama kwenye kigoda karibu na jiko, mimi kwenye meza, simu mbele yangu. Maziwa yalichemka yakamwagika na hakuna aliyeyaepua.

Akapiga. Sauti ilikuwa inakwaruza, na nyuma yake kulikuwa na mlio wa maji, si kama mto, ni kama kitu kikubwa kinachotafuna. Niliweka spika ili Mama asikie. Kendi alisema wako juu ya paa. Walivunja dari wakawatoa wazee watatu, mmoja mmoja, wamewafunga kwa shuka kwenye bomba la moshi. Mwenzake alikuwa upande ule mwingine na tochi, akiitingisha ili ndege imwone. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya maji kwa muda mrefu akiwasukuma wale wazee kutoka chini, na sasa alikuwa amekaa ukingoni.

"Niko na baridi, dada," alisema. "Baridi ya kuuma meno."

"Shikilia kitu. Wanakuja."

"Nimeshikilia."

Ni hapo tuliposikia viatu barazani. Viatu vyenye maji. Unaijua ile sauti, mtu akivuka mto na viatu halafu atembee kwenye sakafu? Kwach, kwach, taratibu, ya mtu aliyechoka. Nikadhani ni mmoja wa wale wanawake amerudi, lakini atatoa wapi maji wakati ule wa ukame? Mlango ukabishwa.

"Mama, nifungulie. Ni mimi."

Kwa Kimeru. Kwa sauti ya Kendi.

Nilitazama simu mkononi. Ilikuwa bado inahesabu, Kendi yuko hewani, nasikia pumzi yake. Nikasogea dirishani nikafunua pazia kidogo.

Alikuwa yeye. Amevaa ile sare ya bluu ya kazini tuliyozoea kuiona kwenye picha, imemganda mwilini, nywele zimelala usoni, kiatu kimoja hana. Maji yalikuwa yanamtoka kwenye mikono kama mtu aliyesimama chini ya mfereji. Nyuma yake, kutoka langoni, kupita chini ya mti wa makadamia mpaka barazani, kulikuwa na mstari mweusi wa unyevu kwenye vumbi. Jua lilikuwa linawaka. Hakunitazama. Alikuwa ametazama mlango tu, kwa karibu sana, kama mtu aliye gizani.

"Mama, nifungulie. Nimetembea sana."

"Ninakuja, mwanangu," Mama akajibu, na akainuka.

Mara tu alipojibu, simu ikabadilika. Kendi wa kwenye simu alivuta pumzi ndefu. "Dada," alisema polepole, "sasa sisikii baridi tena. Kuna joto hapa. Nataka kulala kidogo."

"Usilale, Kendi. Usilale."

"Kidogo tu."

Mama alipiga hatua kuelekea mlangoni, na sauti ya kwenye simu ikapungua kama redio inayoisha betri. Ile ya nje ikapata nguvu. Nilichungulia tena. Kitambaa cha sare kilikuwa kinaanza kukauka mabegani. Rangi ilikuwa inarudi mashavuni mwake. Akatabasamu kidogo.

Nilikimbia nikamshika Mama kiuno. Hajawahi kuwa mtu wa nguvu, lakini siku hiyo alinivuta kama ng'ombe anayevuta kamba. Alinipiga kiwiko kifuani. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshafika kwenye komeo.

"Niache. Ni mtoto wangu."

"Mama, mtoto wako yuko kwenye simu. Sikiliza."

Akageuka akanitazama, na macho yale siwezi kuyasahau. "Na huyu ni wa nani?"

Nilifikiri labda ni jini, labda ni kitu kimeiba sura yake ili kiingie nyumbani. Nikaona nimtege. Nikauliza kwa sauti kubwa, kwa wote wawili, "Kendi, ng'ombe wetu wa kwanza, yule aliyeuzwa na Baba ulipoenda sekondari, tulikuwa tunamwitaje?"

"Karuki," alisema wa nje.

"Karuki," alisema wa kwenye simu, palepale, neno juu ya neno. Na wote wawili wakakohoa kikohozi kimoja.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kama mmoja angekosea, ningejua la kufanya. Lakini hakukuwa na mwongo. Yule aliyekuwa juu ya paa ni Kendi, na yule aliyekuwa barazani ni Kendi, na nikaelewa, sijui kwa akili gani, kwamba alikuwa ameanza kuja nyumbani. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amechoka, akaona yuko mbali mno, akaja kwa mama yake. Na tukimfungulia, tukampa kiti na kikombe cha maziwa, atakuwa amefika. Mtu aliyefika hana sababu ya kurudi.

Mama alikuwa analia sasa, paji la uso limeegemea mbao za mlango. Upande wa pili Kendi naye alikuwa ameegemea, maana tulisikia pumzi yake kwenye ufa.

"Mama, kuna giza huku. Mbona hamfungui? Naona taa ndani."

Hakukuwa na taa yoyote. Ilikuwa asubuhi, ndugu yangu. Hata mshumaa hatukuwa tumewasha.

"Kendi," nikasema. "Rudi."

"Dada? Ni mimi."

"Najua ni wewe. Rudi ulikotoka. Huku hakuna nafasi yako."

Mama aligeuka akanizaba kofi. Mara ya kwanza tangu nizaliwe. Sikumwachilia. Kwenye simu sikusikia kitu tena isipokuwa maji, yale maji yanayotafuna, na nje kucha zilikuwa zinakwaruza mlango, si kwa hasira, kwa unyonge, kama mtoto aliyefungiwa nje.

"Nimekukosea nini?" alisema. "Niruhusuni tu nikae chini kidogo. Sitasumbua."

Unadhani ni rahisi? Nilitaka kufungua kuliko Mama. Mwili wangu wote ulitaka kufungua. Nikafumba macho nikamwuliza kwa ukali, vile nilivyokuwa nikimgombeza alipoacha ndama shambani na kukimbilia mchezo: "Wale wazee umewaacha na nani? Umewafunga kwenye bomba halafu umekuja kukaa? Toka hapa. Sikutaki hapa. Nenda ukawaangalie."

Kukwaruza kukakoma.

Sijui tulikaa vile kwa muda gani, mimi nimemkumbatia Mama kwa nguvu mpaka nikawa naumiza mbavu zake. Halafu simu, iliyokuwa imeanguka chini ya meza, ikatoa mlio wa mtu anayetapika. Kikohozi kikubwa, na maji, na kikohozi tena. Kisha sauti ya Kendi, kali, ikimwita mwenzake kwa Kiingereza, ikimwambia amvute, avute, amshike shati. Kukawa na vishindo. Halafu simu ikakatika.

Mama akafungua mlango. Hakukuwa na mtu. Barazani kulikuwa na dimbwi la maji machafu, na harufu yake nitaijua popote duniani: mafuta ya gari, choo, na chumvi. Kwetu hakuna bahari. Ule mstari wa unyevu kutoka langoni ulikuwa umeshaanza kufifia kwenye vumbi. Mama alichutama akaweka kiganja ndani ya dimbwi, akakaa hivyo mpaka likakauka chini ya mkono wake.

Siku ile nzima na usiku wake simu haikulia. Siwezi kukueleza usiku ule. Nilijiambia nimemfukuza ndugu yangu akafe peke yake gizani, na kwamba kama alikuwa wa kufa, basi nimemnyima hata kuagana na mama yake. Mama alikaa kwenye kigoda na mlango wazi, upepo wa mlima unaingia, na nilipomletea blanketi alilisukuma.

Siku iliyofuata, tukiwa tumekata tamaa, Kendi alipiga kwa simu ya mtu asiyemjua. Mashua iliwafikia alfajiri ya kwao. Wazee wawili walikuwa hai. Wa tatu, bibi aliyependa sana kuimba, alikufa akiwa amefungwa pale kwenye bomba, na Kendi alikuwa amemshika mkono. Mama alicheka, akalia, akaita majirani wale aliowafukuza, wakaja wakaimba mpaka jioni. Mimi nilienda nyuma ya zizi nikatapika.

Ungedhani hadithi imeishia hapo.

Wiki kadhaa baadaye Kendi alinipigia, mimi peke yangu, akaniuliza kama nina nafasi ya kuongea. Aliniambia kwamba alipokuwa kwenye paa alilala. Hakumbuki kuteleza. Anakumbuka akitembea. Ilikuwa usiku, barabara ya kwetu haina mtu, alipita soko limefungwa, akapanda mlima, akaona taa kwa Mama. Akabisha.

"Nilisikia Mama akilia ndani," alisema. "Nikasikia wewe ukimzuia."

Nilibana simu sikioni.

"Halafu ukaniuliza wazee nimewaacha na nani. Nikaamka. Maji yalikuwa hapa, puani. Mkono mmoja ulikuwa umeshika mfereji wa paa, sijui uliushika saa ngapi. Mwenzangu anasema aliona nywele tu."

"Kendi, nilisema vile ili uishi."

"Najua, dada. Nimeishi. Asante." Akaongeza, "Lakini ulisema hunitaki. Ulisema huku hakuna nafasi yangu."

"Yalikuwa maneno tu."

"Najua. Lakini niliyasikia nikiwa nje."

Alikuja nyumbani Disemba ya mwaka uliofuata. Tulichinja mbuzi, watu wakajaa uani. Alikumbatia kila mtu, mimi pia, akaniletea koti zuri. Lakini hakuingia ndani. Tulidhani ni mazungumzo yamemshika, ni wageni, ni picha. Giza lilipoingia Mama akamwambia, "Ingia basi, mwanangu, kumepoa." Kendi alifika barazani, akasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi kabisa, na miguu ikakataa. Nilimwona akijaribu. Jasho lilimtoka. Mama alimshika mkono upande wa ndani, akimvuta kwa upole, na mimi nikasimama nyuma nikisema, "Karibu, Kendi, karibu nyumbani, kwako ni hapa," nikarudia mpaka sauti ikanikauka. Hakuweza. Alilala hotelini Meru mjini likizo yote, na kila siku alipanda kuja kutuona, na Mama akawa anamtolea chakula nje. Alikula akitazama lango.

Mama hafungi mlango siku hizi. Nimemwambia kuna wezi, nimemwambia kuna fisi wanashuka kutoka msituni, hasikii. Mara moja tu tumelizungumzia jambo lile, tukichambua maharagwe. Aliniambia, bila hasira, "Ulifanya vizuri. Mimi nisingeweza." Kisha akaongeza, "Hata ingekuwa ni wewe uko nje, nisingeweza." Sikujua kama ananisifu au vipi, na mpaka leo sijamwuliza.

Mimi bado niko Gakoromone na ndizi zangu. Kendi hunipigia, tunacheka, ananiuliza bei ya nduma. Mambo ni sawa. Lakini kuna ukimya mdogo kabla hajaanza kuongea, kila mara, kama mtu anayesikiliza kwanza kama anakaribishwa. Wewe usingeusikia. Mimi nausikia.

Kwa hiyo nakuonya wewe mwenye mtu ng'ambo, au jeshini, au popote ambapo balaa linaweza kumkuta ukiwa unatazama tu kwenye kioo cha simu. Ukisikia anabisha mlango wakati unajua hawezi kuwa amefika, usifungue. Mpigie simu. Akishika, hata kwa pumzi tu, usifungue, hata mama yako akupige, hata kucha zikwaruze mpaka mbao zitoboke. Mrudishe. Atarudi. Ila jua kwamba maneno utakayomrudisha nayo ataondoka nayo, na atakaa nayo maisha yake yote. Yafikirie leo, kukiwa kumetulia, uyaweke tayari, yawe maneno mazuri. Mimi nilipobishiwa sikuwa nayo.